Kitambaa Chekundu Kando ya Kiota

Kwa maelezo ya dereva wa lori, jirani wa Chiriku na shangazi yake, Chiriku alimrukia mwana wa dereva huyo kwa nyuma kama chui. Mtoto wa watu alikuwa anatembea zake shambani, hana hili wala lile, mara akapasuliwa kichwa.

"Mtazameni!" dereva alifoka mlangoni, akimsukuma mbele mwanawe, Kifundo. Kichwani alikuwa na taulo, na damu ilimchuruzika hadi kwenye kola. "Naenda polisi. Nyie wageni mtarudishwa kwenu leo leo!"

Shangazi yake Chiriku aliacha kupiga pasi. Alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, na kila Jumapili yeye na Chiriku walitembea mashambani kutazama ndege. Chiriku hakupewa jina hilo bure. Maneno yalimtoka tangu alfajiri hadi usingizi umkate kauli. Jumamosi hiyo alikuwa amegandamana na ukuta, mikono nyuma.

"Alianguka mwenyewe," alisema. "Kwenye jiwe."

Shangazi alimkalisha Kifundo kitini, akamfungua taulo. Katikati ya kidonda mlikuwa na uzi mwekundu. Aliuvuta polepole, akauinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Jiwe hilo lilivaa nguo, mwanangu?"

Chiriku aliutambua uzi ule. Kulikuwa na ndege wenye miguu mirefu waliotaga chini, kwenye shamba lililokuwa likingoja kulimwa. Shangazi alikuwa amechomeka fimbo kando ya kila kiota na kuifunga kitambaa chekundu, ili mwenye trekta aone na apite kando. Chiriku, ambaye mdomo wake haukujua pazia, alikuwa amemsimulia Kifundo habari yote.

"Alifuata vitambaa, shangazi!" alilipuka. "Akaponda mayai kwa kiatu, yote! Mama yao akatoka anaburuta bawa, anajifanya kaumia ili amvute mbali. Yeye akatoa manati. Jiwe la kwanza likamvunja bawa kweli. La pili likampasua kifua. Nikaing'oa fimbo, nikampiga. Akaanguka. Akasema basi, nisamehe. Nikampiga tena."

Dereva alimgeukia mwanawe. "Kumbe ndiko kutembea zako huko?"

"Alikuwa anaburuta bawa, baba," Kifundo alinong'ona. "Nilidhani ni rahisi kumpata."

Dereva alimtoa manati mfukoni, akaivunja kwa goti. Kisha akainua kiganja. Shangazi akakidaka hewani.

"Bwana, humu ndani damu imetosha."

Mkono ule ulishuka. "Basi nipe maji ya moto," dereva alisema kwa sauti ndogo, "nifue hilo shati la mwanangu. Mambo ya polisi yaishe."

"Maji baridi, bwana. Damu ukiitia moto inang'ang'ania nguo, haitoki tena." Shangazi alimtazama Chiriku. "Pigo la kwanza ulikuwa unamtetea ndege. La pili lilikuwa la nani?"

Chiriku alitazama miguu yake. "Langu."

"Hilo ndilo utakalolifua. Hasira nayo ni damu, inatolewa kwa ubaridi. Na lile jiwe lako la uongo lingetufukuza hapa haraka kuliko hiyo fimbo. Kosa ukilisema bado bichi, linafulika. Ukiliacha likauke, utasugua mpaka nguo itoboke. Haya, beseni lile."

Chiriku alichuchumaa, akalowesha shati. Maji yakawa mekundu, akayamwaga, akaweka mengine.

"Nisamehe, Kifundo," alisema bila kuinua kichwa.

"Na mimi pia." Kifundo alijishika bandeji aliyofungwa na shangazi. "Kesho mkienda... kuna kiota kingine kilichobaki? Nionyeshe na mimi. Sitagusa. Nitakaa mbali."

Shangazi alichukua pasi yake. Dereva alikohoa. Wote walimngoja Chiriku, mwenye jibu la kila kitu. Naye aliinama juu ya beseni, akaendelea kusugua kola, mahali palepale ambapo doa lilikuwa bado halijatoka.