Damu Iliyorudi Nikaishangilia

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitatu. Naishi Kamina, ninauza samaki wakavu wanaotoka Mulongo. Nimechoka, wasomaji wenzangu... lakini acheni niseme haya.

Bwana wangu, Baba Ngoie, anafanya kazi kwenye reli. Mungu alitupa mtoto mmoja tu, binti yetu Ngoie, ambaye sasa ana nyumba yake hapa hapa mjini. Baba yake hakuacha kamwe kutamani mtoto wa kiume.

Hedhi yangu ilipoanza kuruka miezi, mwili ukageuka. Joto lilipanda kifuani hadi usoni, hata mvua ikinyesha. Kikwembe nilichojifunga kinalowa jasho mbele ya wateja! Usingizi ukanikimbia, viungo vikauma, hasira ikaja bila sababu. Na kitandani... naona haya kuandika. Nilikuwa mkavu, tendo likawa maumivu. Bwana akasema nina mwanamume mwingine. Mimi, ambaye nikitoka sokoni naenda moja kwa moja kusonga bukari?

Kisha damu ikakauka kabisa. Mwaka ukapita na zaidi. Siku moja, akila, Baba Ngoie aliniambia kwa upole kwamba jamaa zake wamemtafutia msichana wa kuoa huko Kabongo, na kwamba mimi nitabaki mama mkubwa wa nyumba. Kwa upole! Nilimmiminia maji ya kunawa.

Kabla hajaenda kupeleka mahari, damu ikarudi. Niliiona asubuhi nikijitayarisha kwenda sokoni. Nilipiga magoti nikashukuru, nikaenda kumwambia. Alinitazama sana.

“Basi Mungu hayatusahau,” akasema. “Mambo ya Kabongo ingoye kwanza.” Safari ya mahari ikaahirishwa.

Ile damu ikawa ndoa yangu. Lakini ilikuja bila mpango, mara nyepesi, mara nzito, baadaye na harufu. Tumbo la chini likavuta. Nikakonda. Kila aliponiuliza, nilijibu kwamba mwezi wangu uko sawa. Ningesema nini? Kwamba kinachomweka nyumbani ndicho kinachonimaliza?

Nilianguka sokoni, juu ya samaki wangu. Wenzangu walimwita Ngoie, akanipeleka hospitali. Daktari, mwanamke wa makamo, aliniuliza damu ilikuwa imekauka muda gani. Nikamwambia.

“Mama, ile haiko mwezi,” akasema. “Kama damu ilishakwisha mwaka muzima, halafu inarudia, inaweza kuwa ugonjwa. Sababu gani ulichelewa?”

Ngoie ndiye aliyelia.

Tulikwenda Lubumbashi kwa treni, nikilala juu ya mapaja ya binti yangu kama mtoto. Walikuta uvimbe mbaya ndani ya mfuko wa uzazi, wakautoa mfuko wote. Waliniambia nina bahati, haukuwa umeenea. Bahati...

Mshono ukiwa bado mbichi, Baba Ngoie alipiga simu. Hakutaka kuzungumza nami, alimtaka Ngoie, akamuuliza kama ni kweli mfuko umetolewa. Ngoie akasema ni kweli. Baba yake akakata simu.

Niliporudi Kamina, msichana wa Kabongo alikuwa anapika sombe kwenye jiko langu. Aliinama, akanisalimia, akaniita mama. Ni mdogo kuliko Ngoie! Nilitafuta moyoni chuki ya kumpa, sikuipata. Nilichukua nguo zangu tu.

Sasa naishi kwa binti yangu. Joto bado linapanda, ila nimejua kwamba lile si ugonjwa wala si uchawi, ni umri, na kwamba hata ukavu ule una dawa. Laiti ningeuliza tangu mwanzo! Bado narudi kupimwa, na kila safari moyo unadunda.

Dada zangu, mama zangu, nawasihi. Damu ikirudi baada ya kukauka mwaka mzima, msishangilie, msifiche. Nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Na mume anayebaki kwa ajili ya damu yako, damu ikiisha atakwenda tu. Mwache aende mapema, wewe ukiwa bado mzima.