Mikono ya Biasha

Biasha aliacha ukili wa mkeka wake haujafika hata urefu wa mkono, akaenda kusali adhuhuri. Aliporudi, ukili ulikuwa umerefuka ukauzunguka mguu wa kitanda, na chane zote za ukindu alizozitia rangi asubuhi zilikuwa zimekwisha.

Alidhani ni mzaha wa wenziwe. Mwaka ule wa hamsini na tatu, Nyumba ya Sanaa ya Muyuni ilijaa mafundi kutoka Unguja nzima, wachonga milango, wapiga ngoma na wasukaji, wakikaa msimu mzima kufanya kazi na kufunzana. Aliyeijenga ni Mwanakheri, aliyenyonya ziwa moja na Biasha, na mtu wa kwanza kumwita alikuwa Biasha huyo huyo. "Nyumba hii ni yetu sote wawili," alimwambia.

Siku zilizofuata, kila jua likisimama utosini, usingizi mzito ulimwangusha Biasha, na akiamka vidole vinamchuruzika damu, mkeka umeongezeka, tena una nakshi asiyoijua. Chumba kilinuka unyevu wa pangoni, na udi ambao hakuna aliyeuchoma. Muhiddin, mchonga milango wa chumba cha pili, akamnong'oneza: "Bi Biasha, mchana nakusikia unasuka na kuzungumza. Ile sauti ya pili ya nani?"

"Sauti gani? Mie nlikuwa nimelala."

Siku ile ile Muhiddin alihamisha patasi zake.

Mwanakheri alipoambiwa alicheka kidogo, akatazama pembeni. "Uchovu huo, mwenzangu. We suka tu. Watu wa soko la Darajani wanaigombania mikeka yako."

Ikafika siku usingizi haukuja, na Biasha, akiwa macho kabisa, akaiona mikono yake mwenyewe ikinyanyuka kutoka mapajani, ikaokota chane, ikaanza kusuka mbiombio, huku akivuta mabega nyuma na mikono isimtii, huku pumzi ya baridi ikimpuliza shingoni, huku kitu asichokiona kikimnong'oneza sikioni suka, suka, kwa upole kama wa bibi anayembembeleza mjukuu, mpaka akapiga yowe lililowatoa mbio watu wa nyumba nzima.

Akaitwa Bi Sichana, mganga. Alifukiza udi, akamfunika Biasha shuka nyeupe, akasoma. Biasha akakisikia kinywa chake kikitoa maneno yasiyo yake.

"Sikuvamia mie. Nimepewa."

"Nani kakupa?" Bi Sichana aliuliza.

"Aliyenyonya naye."

Mwanakheri alikaa chini kando ya shuka. "Ukuta ulikuwa ukianguka kila tukiusimamisha," alisema kwa sauti ndogo. "Nikenda pangoni kwa majini kuomba. Nikaambiwa nitoe mikono iliyo bora. Nikalitaja jina lake, na ukuta ukasimama."

"Basi sema umemtwaa tena mwenzio," Bi Sichana alimwambia. "Useme kwa kinywa chako, na nyumba ikitaka kuanguka ianguke. Usiposema, ntamtoa jini kwa nguvu, naye atatoka na alichopewa."

"Mwanakheri," Biasha aliita chini ya shuka. "Sema, ndugu yangu."

Akamsikia akivuta pumzi. Akangoja. Kisha akasikia kanga ikiburuzwa sakafuni, na mlango ukifungwa taratibu.

Bi Sichana alimtoa jini kwa nguvu. Biasha alirudi kwa mamake akiwa mzima, ila vidole vilikauka kama vijiti, na hata tonge alilishwa.

Masika yalipokatika, Mwanakheri alikuja na kapu la matunda. Akapiga hodi, asikaribishwe. Akasimama kizingitini akilia.

"Nisamehe, Biasha. Ulipoondoka ukuta ulifanya ufa. Mafundi walitaka kukimbia wote."

"Na sasa?"

"Ufa umefunga."

Biasha akainua kichwa. "Chumbani mwangu yumo nani?"

"Mwamvua, msukaji wa Bwejuu. Bado mdogo, lakini mikono yake…"

"Umemwambia?"

Mwanakheri akainamisha uso.

Biasha alinyanyuka, akampita mlangoni bila ya kumgusa, akashika njia ya Muyuni mbio, peku, mikono ikimning'inia ubavuni.

"Biasha!" Mwanakheri aliita nyuma yake. "Rudi, mwenzangu. Hutowahi."