Mstari wa Arobaini na Moja

Waliokuwepo katika chumba cha takwimu Jumatatu ile, saa tatu asubuhi, walikuwa wanne. Wa kwanza ni Mkuu wa kitengo, aliyesimama mlangoni kwa sababu hakuwa na mazoea ya kukaa katika vyumba vya watu wa chini yake. Wa pili ni Muuguzi wa utafiti, aliyeleta fomu za wagonjwa kutoka kliniki. Wa tatu ni Bibi wa Usafi na ndoo yake. Wa nne ni mtaalamu wa takwimu mwenyewe, mwanamume wa miaka thelathini na minne, ambaye ofisi nzima ilimwita Msafishaji. Hakuwahi kushika ufagio. Aliitwa hivyo kwa sababu alisafisha takwimu za dawa mpya ya kisukari kabla hazijapelekwa kwa wakubwa. Jina hilo lilimkera Bibi wa Usafi, aliyeshikilia kwamba msafishaji ni yeye, na yule mwingine ni mgonga kibodi tu.

Bibi ndiye aliyeanza.

"Mwanangu, mmeficha nini humu? Panya kafia wapi?"

"Humu hatuli chakula, mama. Panya aje kufuata nini?"

"Basi kuna kitu kinaliwa," alisema Bibi, akainama kunusa chini ya meza. Alipoinuka uso wake ulikuwa umebadilika.

"Pulizia manukato," alisema Mkuu. "Ripoti inatoka Ijumaa. Kama ni panya, kufikia hapo atakuwa amekauka." Akaenda zake.

Hakuwa panya. Msafishaji alipoinua kibodi, iling'ang'ania meza kwanza, kisha ikaachia kwa sauti ya kitu chenye unyevu. Chini yake palikuwa na majimaji ya manjano, mazito, kama mafuta yaliyoganda kwenye sufuria ya jana, na ndani yake unywele mmoja mrefu wenye mvi. Msafishaji alikuwa mwenye upara. Alifuta kwa karatasi saba, akanawa mikono mara mbili, na bado harufu ile ilibaki katika vidole, tamu kidogo, kama tunda lililooza ndani huku ganda likiwa zima.

Hapa lazima nieleze kazi yake. Wagonjwa mia moja na ishirini wa kundi la kwanza walipimwa kila wiki kwa wiki ishirini na nne: sukari, joto la mwili, uzito, presha. Kila mgonjwa alikuwa na namba yake na mstari wake katika jedwali. Asipofika kupimwa, kisanduku chake hubaki kitupu, na jedwali lenye matundu huwaudhi wakubwa. Kwa hiyo Msafishaji alichukua kipimo cha mwisho cha mgonjwa huyo, akakirudia mbele, wiki baada ya wiki, hadi mwisho wa jaribio. Aliyekuwa na joto la kawaida wiki ya sita aliendelea kuwa nalo mpaka ya ishirini na nne. Ni mbinu inayojulikana, na aliifundishwa chuoni.

Jumanne alikuta mstari wa Arobaini na Moja umebadilika. Joto, aliloliacha thelathini na sita nukta nane, lilikuwa limeshuka hadi ishirini na sita. Alitazama kipimajoto cha ukutani. Chumba kile kilikuwa na nyuzi ishirini na sita. Uzito ulikuwa umepanda kutoka kilo sitini na moja hadi sabini, bila sababu, kama mwili uliovimba. Alisahihisha, akahifadhi, akaenda kunywa maji. Aliporudi namba zilikuwa zilezile, na kati ya vitufe vya kibodi funza mdogo mweupe alikuwa akijivuta, taratibu, kuelekea kwenye kitufe cha kufuta.

Alimwita Muuguzi, wakasimama koridoni.

"Dada, huyu Arobaini na Moja yuko wapi?"

Muuguzi alitazama huku na huku. "Kaka, yule alizikwa wiki ya saba."

"Fomu inasema hakuja."

"Fomu ina visanduku viwili tu, amekuja na hakuja. Nikamuuliza Mkuu, akasema aliyekufa na aliyehama, kwetu wote hawajaja. Niliandika pembeni kwa penseli. Hukuona?"

Aliona. Penseli hakuiingiza kwenye jedwali.

"Uliowaandika kwa penseli wako wangapi?"

"Saba," alisema Muuguzi kwa sauti ya chini kabisa. "Wote walianza na macho ya manjano."

Wiki tisa kabla ya siku ile Msafishaji alikuwa amemshika mama yake mkono, akampeleka kliniki kuandikishwa katika kundi la pili. Alipewa namba mia mbili na saba. Sukari yake ilikuwa imeshuka, na mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mwanawe anatengeneza dawa.

Siku mbili zilizofuata chumba kile hakikukalika. Majimaji yalirudi kila alipoyafuta, yakapenya ndani ya droo, yakalowanisha fomu mpaka zikashikamana kama ngozi, na mashine ya kuchapa, ambayo hakuna aliyeigusa, ikatoa karatasi moja yenye mafuta, halafu nyingine, zote zina mstari mmoja tu, wa Arobaini na Moja, wenye joto la chumba na uzito ambao sasa ulikuwa ukishuka kilo mbilimbili kama nyama inayoachana na mfupa, na Msafishaji akawa anatapika chooni kila saa, akirudi mezani akitafuna karafuu, akihisi kwamba nyuma ya kiti chake kuna mtu anayepumua kwa mdomo uliojaa.

"Mimi humu sideki tena," alisema Bibi wa Usafi. "Hiki si kinyaa cha ndoo. Ngoja nikamlete mtu."

Mtu mwenyewe alikuwa mzee aliyefanya kazi chumba cha maiti kwa miaka thelathini, na baada ya kustaafu akawa anatoa majini. Walimwita Tabibu. Alikuja Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, wamebaki Msafishaji, Muuguzi na Bibi tu. Alivuta pumzi moja mlangoni, akatema mate kwenye leso.

"Harufu ya maiti naijua," alisema. "Hii ni ya kitu kinachojifanya maiti."

Hapo Muuguzi, aliyekuwa amesimama kando ya dirisha, aliketi sakafuni ghafla. Kinywa chake kilifunguka, yakamtoka majimaji yale ya manjano kidevuni mpaka kifuani, na sauti iliyotoka haikuwa yake.

"Wewe nani?" aliuliza Tabibu.

"Arobaini na Moja."

"Arobaini na Moja amezikwa."

"Nimeandikwa mzima. Nina joto, nina presha, nina uzito. Nyumba niliikuta wazi, taa zinawaka, mwenyewe hayupo. Nikaingia."

"Nani alikufungulia?"

Muuguzi aliinua kidole chenye ute, akamwelekezea Msafishaji.

Tabibu hakupiga kelele wala hakuchoma kitu. Alimgeukia Msafishaji kama mtu anayedai funguo. "Kijana, umeandika mtu hai pasipo mtu. Hawa hawataki damu wala nini, wanataka pa kukaa. Andika ukweli, mlango ufungwe. Lakini ifunge milango yote kwa pamoja, maana ukimtoa huku, na kwingine kukabaki wazi, atapitia huko ahamie hata kwa aliye hai. Ni mmoja tu, au wapo wengine?"

Muuguzi alikuwa amezimia. Bibi hakujua habari za penseli. Msafishaji alilitazama jedwali. Kuandika vifo saba ni kusema kwamba dawa inaua, na kusema hivyo ni kusema ni nani aliyempelekea mama yake dawa hiyo.

"Ni mmoja tu, mzee," alisema.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akaandika neno "amefariki" katika mstari wa Arobaini na Moja, kuanzia wiki ya saba hadi ya ishirini na nne. Harufu ilikatika kama taa iliyozimwa. Bibi alideki sakafu, sakafu ikakauka. Muuguzi alipelekwa kwao, na hakurudi tena kazini. Ijumaa ripoti ilitoka ikiwa na kifo kimoja, na Mkuu akampa Msafishaji mkono.

Jumapili alikwenda kumwona mama yake. Harufu ilimpokea mlangoni, ileile, tamu.

"Karibu, mwanangu. Usinikaribie sana, mdomo wangu unanuka, hata mwenyewe najisikia. Ila dawa yako inanifaa! Sukari imeshuka mpaka basi."

Alicheka. Weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano. Kwenye mto wake palikuwa na doa la mafuta, na Msafishaji, aliyenyonyeshwa na mwanamke huyu, alishindwa kumbusu.

Alimnyang'anya kopo la vidonge, akampeleka hospitali, akakesha naye. Jumatatu, kabla ya saa moja asubuhi, alikuwa ofisini. Aliandika vifo sita vilivyobaki, kimoja baada ya kingine, akatuma barua ya kusimamisha dawa kwa kila anayehusika, bila kumuuliza Mkuu. Kisha akafungua jedwali la kundi la pili.

Kundi lile lilikuwa wiki ya tisa. Mistari yote ilikoma hapo, isipokuwa mmoja. Mstari wa mia mbili na saba ulikuwa umejazwa hadi wiki ya ishirini na nne, wiki ambazo zilikuwa hazijafika: joto thelathini na sita nukta nane, kilo sitini na moja, kila wiki, vipimo vya mwisho vya Arobaini na Moja. Alifuta. Vikarudi. Alifuta tena mpaka vitufe vikaanza kunata, na chini ya kibodi kukatoka kishungi kifupi cha nywele za mvi, kilichosukwa kwa msuko wa mama yake aliokuwa akiujua.

Mama yake alifariki Jumanne, saa nne na robo asubuhi.