Wimbo wa Saba Mara Mbili

Kwenye foleni ya supamaketi ya Mtaa wa 87, Jumamosi ambayo nusu ya Chicago kusini ilikuwa imekuja kununua nyama ya kuchoma, Delphine Odom alikasirishwa na spika za darini. Katika wimbo mmoja mwanamume alikuwa ametoka kulia kwamba mkewe kamwachia nyumba tupu. Kabla machozi hayajamkauka, binti mmoja akadakia kwa furaha kuimba harusi yake.

"Aliyewapanga hawa wawili hana moyo," Delphine alisema, bila kumlenga mtu.

"Labda hajawahi kuachwa," sauti nzito ikajibu nyuma yake.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, kofia ya kahawia imelalia upande, viatu vinang'aa kama vya bwana harusi, mkononi fungu la mboga lililomfunika kifua.

"Wewe umeshaachwa?"

"Mara mbili. Ndiyo maana napanga vizuri."

Jina lake lilikuwa Thurman Gaines. Kila Jumapili alasiri alipiga santuri za zamani kwenye ukumbi wa Mtaa wa 79, wanakocheza watu wazima wawili wawili, taratibu, bila kumwaga kinywaji. Walibishana kuhusu nyimbo hadi maegeshoni, na barafu ya Delphine ikayeyukia kwenye mfuko. Wiki ile walipigiana simu kila siku. Kufikia mwezi wa pili Thurman alikuwa akimwita mpenzi, naye anajibu "sema, mzee wa viatu," huku anacheka peke yake jikoni.

Mchana Delphine alisafisha meno ya watu kliniki. Nyumbani alipanga nyimbo kwenye simu, kila orodha na kazi yake. Moja ilikuwa ya mvua. Moja ya wanaume wanaoomba msamaha wamepiga magoti. Lakini aliyoithamini kuliko zote ilikuwa ya usafi wa Jumamosi, kwa sababu hiyo aliipanga mama yake, marehemu Earlene, kwa santuri na ufagio. Bafu kwanza, kwa nyimbo za haraka. Kisha vyombo, kisha madirisha. Wimbo wa saba ulipigwa mara mbili: mara ya kwanza Earlene anapiga deki, mara ya pili familia nzima imekaa kwenye kochi, miguu juu, inangoja sakafu ikauke. Aliyeshuka kabla wimbo haujaisha alirudia deki mwenyewe.

Thurman alipoisikia, aliomba kuipiga ukumbini. Delphine alikubali kwa sharti moja: asitaje jina lake. Kanisani alikuwa mhudumu wa mlangoni, mwenye gauni jeupe na glavu nyeupe, na Bi Hortense, mkuu wa wahudumu, aliuona ukumbi ule kuwa hatua tatu kutoka motoni. Thurman aliapa.

Orodha ikapendwa. Jumanne moja Delphine alikuwa kliniki, mgonjwa kaachama mbele yake, redio ya ukutani ikatangaza mgeni: Thurman Gaines. Zikapigwa zile nyimbo, kwa mpangilio uleule. Wimbo wa saba ukaisha, ukaanza tena. Mtangazaji akacheka, akamuuliza kama mkono umeteleza.

"Haujateleza," Thurman alisema. "Orodha yangu ndivyo ilivyo."

Delphine aliizima redio. Mgonjwa akauliza kama kuna jino baya. Akamwambia hapana, ni mtu.

Thurman alipiga simu mara nne. Ya tano akaipokea.

"Mpenzi, umenisikia redioni?"

"Nimekusikia ukimzika mama yangu mara ya pili."

"Delphine, niliahidi kutotaja jina lako."

"Nilikukataza kutaja jina. Sikukwambia useme ni yako."

"Aliniuliza ghafla."

"Ungesema kuna mwanamke kaipanga. Ni shida gani hapo? Sauti yako nzito hiyo, ikashindwa na neno moja, mwanamke?"

Akakata. Jioni Thurman akamtumia orodha: nyimbo kumi na moja za wanaume wanaolia, wanaosali, wanaogaagaa vizingitini. Alikuwa ameipanga kwa ustadi, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Hakuumaliza hata wimbo wa kwanza. Alimwandikia: "Usiwatume waume za watu wapige magoti kwa niaba yako. Una mdomo."

Wiki mbili zikapita. Delphine alisugua nyumba hadi rangi ya bafu ikaanza kutoka, bila muziki, kwa sababu kila alipoiwasha ile orodha, wimbo wa saba ulimletea sauti ya Thurman badala ya kochi la mama yake. Kochi hilo ndilo alilomdai Thurman.

Jumamosi simu ikalia.

"Nimeshazungumza na redio," Thurman alisema, bila neno mpenzi, bila mzaha. "Jumanne nitasahihisha. Na kesho nataka kusema ukumbini. Ila niliapa, kwa hiyo naomba ruhusa nitaje jina."

Delphine alikaa. Bi Hortense angepigiwa simu kabla dansi halijaisha. Miaka tisa ya mlangoni ingeweza kuishia hapo.

"Anza na la mama," alisema. "Earlene Odom. Kisha langu, lote, usilimung'unye."

Jumapili alitoka ibadani moja kwa moja hadi Mtaa wa 79. Hakubadilisha nguo. Aliingia na gauni jeupe, soksi nyeupe na glavu, na wanaume watatu wakaficha glasi zao.

Thurman alipomwona, alifanya jambo ambalo hakuna mpiga santuri wa ukumbi ule aliyewahi kulifanya: alisimamisha wimbo katikati, wachezaji mguu mmoja hewani. Mtu akauliza kama umeme umekatika.

Thurman alivua kofia. "Nilisema redioni kwamba orodha ya usafi ni yangu. Nilidanganya. Aliipanga Earlene Odom, akipiga deki. Akaitunza binti yake, Delphine Odom, yule pale. Niliona raha kusifiwa kwa kazi yao. Ninaona haya."

"Sasa piga muziki," bibi mmoja alisema, "magoti yanaganda."

Thurman aliweka wimbo wa saba, akavuka ukumbi, akasimama mbele ya Delphine mikono chini.

"Bado nina hasira," Delphine alimwambia.

"Najua."

"Nyingi."

"Nitangoja."

Delphine alivua glavu, moja, kisha ya pili, akazitia kwenye mfuko wa koti la Thurman, akampa mkono. Walicheza taratibu. Wimbo ulipoisha Thurman akataka kurudi kwenye mashine yake, lakini santuri ya pili aliyoiandaa juu ya ile ya kwanza ikashuka na kuanza yenyewe, wimbo uleule, na Delphine hakumwachia mkono.

"Unakwenda wapi?" alisema. "Sakafu bado mbichi."