Drateru na Neno Heri

Kila asubuhi kabla ya shule, Drateru na rafiki yake Suzan waliteka maji kwenye bomba la kijiji chao, huko Kuluba, wilaya ya Koboko, kaskazini mwa Uganda. Suzan alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, akiishi kwa shangazi yake. Walizoea kupiga soga na kucheka njia nzima.

Jumatatu moja Suzan alifika macho yamemvimba.

"Bibi amefariki," alisema. "Ndugu zetu walitupigia simu jana kutoka nyumbani. Wameshamzika, na mimi sikuwepo."

 Drateru akakumbuka somo la kanisani, kwamba Yesu aliwaita wenye huzuni heri. Akaropoka, "Basi heri wewe, Suzan!"

Suzan alimkodolea macho kama aliyepigwa kofi. "Heri mimi? Bibi amekufa, nawe unanipongeza?" Akajitwika jerikeni lake kabla halijajaa, akaenda zake.

Siku hiyo hakuonekana shuleni. Kesho yake pia hakuja, na mtihani wa darasa la saba ulikuwa umekaribia. Drateru hakuwa na raha. Mwishowe alimwendea Mwalimu Igga, aliyewafundisha watoto kanisani, akamkuta akipalilia mihogo. Akamweleza yote bila kuficha.

"Nilisema lile lile ulilotufundisha, mwalimu. Mbona limemuumiza?"

Mwalimu Igga aliweka jembe chini. "Kosa ni langu pia. Niliwakaririsha bila kuwaeleza. Injili iliandikwa kwa Kigiriki, na neno lenyewe ni *makarios*. Wagiriki wa kale waliwaita hivyo miungu yao na matajiri, wale wasioguswa na shida. Yesu akalichukua neno hilo la wakubwa, akawapa maskini na wanaolia. Hakusema msiba ni bahati, wala hakuwaambia wacheke. Alisema Mungu yuko upande wao, na kwamba watafarijiwa."

"Watafarijiwa na nani?"

"Na Mungu. Lakini mara nyingi Mungu humtuma mtu. Wewe umekwenda kumwona?"

Drateru aliinamisha kichwa. Alikuwa ameogopa.

Jioni ile akajikaza, akaenda. Shangazi alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. "Suzan iko ndani," alisema. "Chakula anakataa. Ingia tu, mtoto wangu."

Drateru aliketi mkekani kando ya rafiki yake. "Nisamehe," alisema. "Nilitamka neno nisilolijua."  Kisha akauliza, "Bibi yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Suzan alifuta pua. Polepole akaanza kusimulia jinsi bibi alivyowafukuza nyani shambani kwa kuwaimbia matusi, tena kwa sauti nzuri ya kwaya. Akacheka huku machozi yakimtoka. Drateru naye akalia, ingawa hakumjua bibi yule. Shangazi alipoleta chakula, walikula sahani moja.

Asubuhi iliyofuata Suzan alirudi shuleni.

Jumapili, Mwalimu Igga alimwomba Suzan ruhusa ya kueleza yaliyotokea, kisha akawasimulia watoto wote na kumalizia, "Wanangu, neno jema likitupwa haraka kwa mwenye uchungu, humchoma. Kaeni naye kwanza, mmsikilize, mle naye. Hapo atajua kwamba Mungu hajamwacha. Na siku mtakapomwambia heri, ataamini."