Likizo ya Nchi ya Nje

Asubuhi ya siku ya kwanza ya muhula, Chiriku alikunywa chai amesimama huku mama yake akimshonea kifungo cha shati la sare. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba chao cha mbele ndicho kilichokuwa karakana: cherehani dirishani, pasi mezani, na vipande vya vitambaa kila mahali, hata chini ya mto wa kulalia.

"Sweta lako liko wapi?" mama aliuliza.

"Nimelisahau kwa mama mdogo."

"Na kichwa je, umerudi nacho?"

Chiriku alicheka, akatoka mbio. Jina hilo alipewa na majirani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na siku hiyo alikuwa na mengi ya kusimulia. Likizo nzima alikuwa mashambani kwa mama mdogo, anayefuga ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe mmoja alizaa, naye Chiriku akapewa kazi ya kumfundisha ndama kunywa kwenye ndoo. Unachovya vidole kwenye maziwa, unampa ndama avinyonye, halafu unaushusha mkono polepole mpaka mdomo wake uzame kwenye ndoo. Ndama yule alikuwa mkaidi. Kila Chiriku alipotoa vidole, naye aliacha kunywa, akapiga ndoo kwa kichwa. Likizo iliisha kabla hajajifunza, na Chiriku alirudi mjini akilia njia nzima.

Darasani alimkuta rafiki yake Miwani ameketi juu ya dawati, amezungukwa na wenzake. Alikuwa amepanda ndege na baba yake kwenda nchi ya nje, na sasa alikuwa akiwasimulia habari za ngazi zinazopanda zenyewe.

"Na wewe, Chiriku, ulikuwa wapi?" Miwani aliuliza.

"Huyo alikuwa shamba!" mvulana mmoja alidakia. "Mtazameni kucha zake!"

Darasa zima liliangua kicheko. Chiriku alificha mikono nyuma, masikio yakamwaka moto.

"Shamba gani?" alisema. "Mimi pia nilikuwa nchi ya nje. Tena mbali kuliko Miwani."

Tangu hapo hakuwa na raha. Kila mapumziko ilibidi aongeze chumvi: mara theluji, mara treni inayopita chini ya ardhi. Walipomuuliza watu wa huko wanazungumza lugha gani, alijibu, "Nyingi tu," kisha akajifanya anakimbilia chooni. Habari zilimfikia mwalimu wa darasa, akafurahi sana.

"Ijumaa utasimama mbele utusimulie," mwalimu alisema. Chiriku aliitikia kwa kichwa huku akitokwa na kijasho chembamba.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, bawabu alimwita. "Una mgeni getini!"

Chiriku alikwenda, na Miwani na wasichana wengine wawili wakamfuata kwa udadisi. Getini alisimama mama mdogo. Alikuwa amevaa mabuti ya mpira yenye matope makavu, ameshika mfuko wa nailoni, na harufu ya zizi ilikuwa imekuja naye. Alipomwona Chiriku alifungua mikono yote miwili.

"Nani huyu?" Miwani alinong'ona.

"Ni mama anayetuletea maziwa nyumbani," Chiriku alijibu haraka.

Alisema kwa sauti ya chini, lakini haikuwa chini ya kutosha. Mama mdogo alishusha mikono. Alimtazama Chiriku, akawatazama wale wasichana, kisha akatoa sweta kwenye mfuko.

"Ndiyo," alisema. "Ni mimi wa maziwa. Mama yako amesema nikupe hili."

Aligeuka, akaenda zake. Chiriku alibaki amekumbatia sweta. Hata shikamoo hakumpa. Alitamani amkimbilie amuulize habari za ndama, lakini wenzake walikuwa wakimtazama. Mchana wote hakusikia neno lililosemwa darasani.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama mdogo ameketi karibu na cherehani, akikata nyuzi.

"Amekuja kununua dawa ya mifugo, anarudi kesho," mama alisema kwa furaha. "Mmeonana?"

Chiriku alikosa pa kuweka macho.

"Tumeonana," mama mdogo alijibu. "Amelipokea sweta lake vizuri."

Akaendelea kukata nyuzi. Chiriku alikuwa amejiandaa kugombezwa, na huko kufichiwa siri ndiko kulikomkata maini. Machozi yalimtoka, akasema yote: vicheko vya darasani, nchi ya nje, theluji, na maneno ya getini.

Mama alitoa mguu kwenye cherehani. "Umemkana mdogo wangu? Huyu aliyekulea mimi nilipokuwa nimelazwa?"

"Mwache, dada," mama mdogo alisema. Kisha akamgeukia Chiriku. "Kwa hiyo nimevuka mpaka leo bila hata pasi ya kusafiria? Na dereva wa basi kaninyamazia tu!"

Mama alijizuia kucheka. Chiriku alilia zaidi.

"Imeniuma, mwanangu," mama mdogo aliendelea, na sasa hakuwa anatania. "Ndama wako anakunywa mwenyewe tangu Jumapili. Dawa ningeweza kumwagiza mtu. Nilikuja ili nikwambie hilo, nikalimeza pale getini."

Chiriku alijifunika uso kwa sweta.

"Kesho asubuhi nitapita mbele ya shule yenu nikielekea stendi. Ukinijua, niite. Usiponijua, nitapita zangu, na sitakusumbua tena."

Asubuhi iliyofuata Chiriku alisimama kwenye uwanja wa shule na wenzake, macho yakiwa barabarani. Miwani alikuwa akimuuliza kama atawaonyesha picha za theluji. Mama mdogo alitokea kwenye kona na mabuti yake yale yale, akafika mbele ya geti, akapita bila kugeuza shingo. Mama mdogo alikuwa karibu kupotea nyuma ya ukuta.

"Mama mdogo!" Chiriku alipaza sauti. "Mama mdogo, shikamoo!"

Alikimbia hadi nje ya geti, akamshika mkono, akawageukia wenzake waliokuwa wamemfuata.

"Huyu ni mama yangu mdogo. Jana nilidanganya hapa getini. Likizo nilikuwa kwake mashambani. Nchi ya nje sijawahi kufika."

"Si nilisema!" yule mvulana alishangilia, na kicheko kikalipuka. Chiriku aliona aibu mpaka machoni, lakini mkono hakuuachia.

Mwalimu wa darasa, aliyekuwa akiingia getini, alikuwa amesikia yote. Alimwamkia mgeni kwa heshima, kisha akawageukia wanafunzi.

"Mnacheka nini? Mkisikia neno nchi, mnaona maghorofa na lami tu. Mnafanana na mtu anayekaa sebuleni akadhani jiko ni la jirani. Mashamba ni nchi hii hii, tena ndiyo sehemu kubwa yake. Chiriku, leo utasimama mbele kama tulivyopanga, utusimulie sehemu hiyo. Uwaombe radhi wenzako kwa kuwadanganya. Lakini uongo wa getini umemuumiza mtu mmoja. Anza na huyo."

Chiriku aliinamisha kichwa.

"Nisamehe, mama mdogo."

"Nimekusamehe." Mama mdogo alimfuta machozi kwa kiganja chake kigumu. "Lakini nisikilize. Ukianza kuchagua ndugu wa kuwataja na ndugu wa kuwaficha, utazoea. Siku utakayonihitaji, utakuwa umenificha mpaka mwenyewe hujui pa kunitafuta."

Kisha akamgeuza taratibu kwa mabega, akamsukuma kuelekea darasani.