Samaki wa Mto Mwingine

Niambie, weye unayesoma: simu ikisema maji ya mto ni mabaya, na redio ikisema ni mazuri, mtoto wako utamtuma mtoni au utamwacha nyumbani? Usijibu mbio. Clotilde alijibu mbio.

Clotilde alikaa Likasi, upande wa Shituru, kwenye mstari wa nyumba za zamani za wafanyakazi, zile za matofali mekundu. Bwana yake, Cyrille, alichimba madini kule Kambove. Alirudi mwisho wa juma, vumbi hadi kwenye kope. Clotilde alilima lengalenga kando ya kijito kinachopita nyuma ya kiwanda cha shaba. Alikata mboga, akazifunga mafungu mafungu kwa nyuzi za mgomba. Binti yake Shekina alizisafisha mtoni akitoka shule, kisha Clotilde akazibeba kwenda soko. Shekina alipenda kazi hiyo. Aliimba, akajimwagia maji usoni, akarudi gauni limelowa mpaka kiunoni.

Wanaume wawili walileta habari katika nyumba hiyo. Wa kwanza alikuwa Papy, mdogo wa Cyrille. Papy alikuwa na ukurasa kwenye simu, na watu wengi sana walimfuata. Wa pili alikuwa jirani, Ghislain, msemaji wa redio ya mji. Sauti yake nzito ilitoka kila siku kwenye redio ndogo ya Clotilde, pale dirishani. Wawili hao walikuwa paka na panya.

"Journaliste wa kidole," Ghislain alimwita Papy siku moja alipokuja kununua mboga, yaani mwandishi wa habari wa simu tu. "Leo umetunga nini?"

"Minye situngake," Papy alijibu, tonge la bukari, ule ugali wa Likasi, mkononi. "Minye naona, naweka. Redio yako inangojaka mufu azikwe, njo itangaze asema eko mugonjwa!"

Clotilde alicheka hadi akashika mbavu. "Baba, muache vita. Bukari inapoa."

Siku hizo alicheka sana.

Asubuhi moja Papy aliingia uani anahema, akamwita shemeji yake. Suruali yake ilikuwa na matope mpaka magotini.

"Mulamu! Musiende mumto! Mayi inatoka moshi, inanuka. Ni asidi ya kiwanda. Angalia!"

Clotilde alishika simu. Aliona samaki wakubwa, weupe, wamelala tumbo juu, lundo kubwa. Juu ya picha Papy alikuwa ameandika: LIKASI TWAFA! WATOTO WANAKUFA MTONI! Clotilde aliangalia tena, polepole, kwa sababu yeye ni mtu wa kuangalia.

"Mulamu, humu mumto yetu mulitokaka samaki ya hivi siku gani? Na hii minazi nyuma yao, iko wapi hapa Shituru?"

"Usiangalie minazi! Angalia samaki!"

"Na batoto benye kufa, ni ba nani? Mama yao ni nani?"

Papy alichukua simu yake. "Bantu wanashare, weye unahesabu minazi," alisema, akaondoka kwa hasira.

Clotilde alibaki na mashaka. Juma lililopita simu ile ile ilisema daraja limeanguka, na watu walisoma habari hiyo wakiwa wamesimama juu ya daraja. Hata hivyo, asubuhi ile hakuenda mtoni. Alingoja redio.

Saa sita, sauti ya Ghislain ilitoka dirishani. "Wapendwa wasikilizaji, picha ya samaki inayozunguka kwenye simu si ya Likasi. Ni ya inchi ingine, tena ya zamani. Ni uongo wa wale wanaotafuta jina. Maji yetu haina neno. Mutulie."

Clotilde alishusha pumzi. Basi, alisema moyoni, ni mambo ya Papy. Mboga zilikuwa zimeanza kunyauka. Shekina alipotoka shule, mama yake alimpa mafungu.

"Enda, mama. Safisha mbio, ukuye tuende soko."

Shekina hakukawia. Alirudi bila mboga, mikono machoni, akipiga kelele. "Mama, macho inaungua! Inaungua!"

Clotilde alimshika kichwa, akafungua kope zake. Macho yalikuwa mekundu kama nyanya. Naye alikuwa na ndoo ya maji ya bomba nyuma ya mlango, imejaa, imefunikwa. Hakuigusa. Aliwaza apolo, ule ugonjwa wa macho mekundu unaopita kila mwaka mashuleni. Dawa ya apolo anaijua kila mama wa mtaa: maziwa ya mwenye kunyonyesha. Alimwita jirani yake Chérie, aliyekuwa na mtoto mchanga. Chérie alikamua matone, jicho hili na hili.

"Itapoa, mutoto," Chérie alisema. "Yangu ilipoaka vile vile."

Haikupoa. Shekina alilia, akachoka, akalia tena. Asubuhi, jicho la kushoto lilikuwa na utando mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi.

Hospitalini, muuguzi Henriette aliuliza neno moja tu. "Alinawa mayi ya wapi?"

"Ya mumto. Lakini redio ilisema…"

Henriette hakungoja mwisho. Alimlaza mtoto kichwa pembeni, akamimina maji safi juu ya macho, chupa baada ya chupa, yakatiririka mpaka sakafuni. Kisha alimwita daktari. Daktari alikaa naye muda mrefu nyuma ya pazia. Alipotoka, alimwambia Clotilde kwamba jicho la kulia litapona. Kuhusu la kushoto, alitikisa kichwa.

"Mama," Henriette alisema kwa upole, "asidi ikiingia mujicho, ni mayi safi, palepale, mengi, murefu. Kisha hospitali. Maziwa haitoe asidi. Ungejua ni asidi, ungefanya nini?"

"Ndoo ilikuwa nyuma ya mulango," Clotilde alisema.

Papy na Ghislain walifika kwa njia mbili, wakakutana kwenye mlango wa wodi.

"Unaona?" Papy alifoka. "Nilisema asidi! Nani njo alisema bantu batulie?"

"Nani njo aliweka samaki ya uongo?" Ghislain alijibu. "Nani angeamini?"

"Munyamaze!" Henriette alisimama kati yao. "Kuko mutoto anateseka hapa. Weye Papy, ulifika mumto?"

"Nilifika. Niliona bomba ya kiwanda imepasuka. Nilipiga picha."

"Nionyeshe."

Papy alitafuta kwenye simu. Ilikuwa picha ya giza giza: bomba, maji ya njano, moshi kidogo, na ile kalvati inayopitisha kijito chini ya barabara, ambayo kila mtu wa Shituru anaijua.

"Hii njo ilikuwa ya kweli," Henriette alisema. "Juu ya nini hukuiweka?"

Papy aliangalia viatu vyake. "Ilikuwa mubaya. Bantu hawangeishare."

"Na batoto benye kufa?"

Papy alizima simu, akaitia mfukoni.

Henriette alimgeukia Ghislain. "Na weye, ulifika?"

"Nilipigia mukubwa moja wa kiwanda. Alisema hakuna kintu."

"Ulipigia mwenye kumwaga, ukamuuliza kama alimwaga? Kutoka redio mpaka kalvati, ni mbali?"

"Si mbali," Ghislain alisema. Sauti yake nzito ilikuwa ndogo.

"Ulijua picha ni ya uongo. Ulisema vizuri. Lakini picha kuwa ya uongo si mayi kuwa mazuri. Hayo ni mambo mbili. Muulize hivi: nani aliona? Aliona wapi? Aliona siku gani? Na mwingine, mwenye hapati faida, anasema nini? Nyinyi mulishindana. Mutoto njo alilipa."

Nyuma ya pazia Shekina alikuwa anamwita mama yake. Wanaume wale wawili walisikia, wakaondoka bila kuagana.

Baadaye walikuja nyumbani kuomba radhi. Papy alileta sukari, Ghislain akaleta sabuni. Cyrille aliwapa viti. Clotilde alipokea vitu, akaviweka ndani, akarudi jikoni. Papy aliandika kwenye ukurasa wake kwamba samaki hawakuwa wa Likasi, na kwamba hakuna mtoto aliyekufa. Chini yake aliweka picha yake ya giza. Ghislain alisoma kosa lake kwenye redio saa sita, saa ile ile aliyokosea. Watu wa mtaa walichukua picha ile ya kalvati, wakaipeleka kwa wakubwa wa mji. Mafundi walikuja wakatia kiraka kwenye bomba.

Mvua zilipoanza, kiraka kiliachia. Papy aliona maji yamegeuka rangi. Hakuandika kitu kwanza. Alimpigia Ghislain, naye akaja na baiskeli, suruali ameikunja. Walisimama pamoja penye kalvati. Dakika ile ile ukurasa na redio vilisema maneno sawasawa: "Maji yamegeuka njano penye kalvati ya Shituru. Tumesimama hapa, tumeona wenyewe. Kiwanda tumekiuliza, hakijajibu. Akina mama, toeni watoto mtoni."

Wanawake walikimbia ukingoni wakivuta watoto kwa mikono. Siku ile hakuna mtoto aliyeungua. Safari hii bomba lilibadilishwa lote.

Ghislain alimwomba Clotilde aje redioni aseme na akina mama. Alikwenda na Shekina, ambaye sasa akisoma hugeuza kichwa kidogo, ili jicho zima liwe mbele. Papy alisimama mlangoni na simu yake. Ghislain alisogeza maikrofoni.

"Mama Shekina, uko na neno gani kwa ba mama benye kutusikiliza?"

Clotilde hakuitazama maikrofoni. Alimwangalia Ghislain, kisha akamwangalia Papy. Alikuwa amekaa na neno hilo tangu hospitali.

"Ile siku," alisema, "nilitaka mumoja wenu aseme: hatuyajua bado, batoto babakie kwanza nyumbani. Ni vile tu. Ningengoja."